Mkimbiaji Aliyelala Chali

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali, shika simu kwa mikono miwili. Mimi imeniangukia usoni mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na pua yangu, ambayo tangu awali haikuwa ya kujivunia, haijanisamehe mpaka leo. Mambo mengine ya ugonjwa utaelezwa na madaktari na wauguzi. Hili la simu hakuna atakayekuambia, kwa hiyo nimeona nianze nalo.

Naitwa Tusekile. Kwa baba ni Tukuyu, kwa mama ni Iringa, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiishi Uyole, Mbeya, nikiuza mbegu na dawa za mimea katika duka la mtu. Niliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ndiyo, kipo, hata mimi nilidhani kifua kikuu hukaa kifuani. Ugonjwa wenyewe sitaueleza maana sikuusomea. Naandika kwa ajili yako uliyeambiwa juzi tu, unayeitazama miguu yako chini ya shuka kama unamtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

Ila kabla sijafika kwenye ugonjwa, lazima nikueleze habari ya meza.

Kila Jumamosi mchana tulikutana watu wanne katika chumba cha nyuma cha duka la stesheneri la Ezekia, kule Mwanjelwa mjini, tukicheza mchezo wa kubuni hadithi. Ezekia alikuwa mwenye meza. Yeye ndiye aliyeibuni nchi nzima, milima yake, wafalme wake na mazimwi yake. Sisi wengine kila mmoja alikuwa na mtu wake mmoja ndani ya nchi hiyo. Ezekia anakueleza mahali ulipofika, kisha anakuuliza, "Unafanya nini?" Unajibu. Kama jambo lina shaka, unarusha dadu: ukipata sita umepeta, ukipata moja umekwisha. Na kulikuwa na sheria moja ambayo Ezekia hakuchoka kuirudia, kwamba jambo ambalo mtu analiweza halirushiwi dadu. Kuchota maji, kumwamkia mkubwa, kufungua mlango. Ukinyoosha mkono kulichukua dadu kwa mambo hayo, anakutazama juu ya miwani na kusema, "Hilo halirushiwi dadu. Fanya tu."

Wande, ambaye wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukumani, ni daktari wa mifugo, na hata kwenye mchezo aliganga mifugo. Gwamaka ni fundi mashine, Mnyakyusa mwenzangu, mwenye maneno mengi kuliko kazi. Mtu wake alikuwa shujaa wa vita anayeogopa vyura. Wangu alikuwa Nyasigela, mkimbiaji anayepeleka ujumbe kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Nilimpa miguu mizuri kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nahema nikipanda ngazi tatu.

Mgongo ulianza kuuma wakati wa kipupwe. Nikasema ni mifuko ya mbegu. Nikachuliwa, nikapakwa dawa ya kuwasha, nikanywa vidonge vya dukani. Usiku nilikuwa natoka jasho mpaka shuka linalowa, na baridi ya Uyole mnaijua, hakuna mtu anayetoka jasho kule kwa hiari. Nilikonda, na wateja wakanisifu. Halafu Jumamosi moja tumemaliza kucheza, nikainuka niende nyumbani, magoti yakakataa. Gwamaka alicheka kwanza. Alipoona nimeshika meza kwa mikono yote miwili na siendi kokote, aliacha kucheka. Yeye na Wande ndio walionibeba mpaka kwenye gari.

Mama alifika kutoka Iringa kesho yake. Hakuuliza mengi. Alifungua kabati langu, akaanza kukunja nguo, na jioni ile nikajua kwamba nimerudi kuwa mtoto wa nyumbani.

Sehemu kubwa ya ugonjwa ni benchi, na hakuna anayekuandaa kwa hilo. Benchi la kusubiri picha, benchi la kusubiri majibu ya picha, benchi la kusubiri daktari aliyekwenda kunywa chai. Mimi nilikuwa nalazwa juu ya machela kando ya benchi, na mama anakaa na chupa ya chai mapajani, akiwagawia hata wasio wagonjwa wake. Kulikuwa na mama mmoja aliyefuma sweta la mtoto kwa uzi wa njano. Kila tulipokwenda tulilikuta limeongezeka, na nilianza kuzihesabu siku zangu kwa mikono ya sweta lile. Kulikuwa pia na kaka mmoja aliyesikia neno "kifua kikuu" akahamisha kikombe chake. Mama alimwambia kwa upole kwamba cha mgongoni hakiruki, kisha akammiminia chai nyingine. Alikunywa.

Daktari wetu alikuwa mama mtulivu mwenye sauti ndogo. Alisema, "Dawa zipo, na zinaponya. Mwaka mzima, bila kuruka hata siku moja. Habari ya miguu siwezi kukuahidi. Tuipe mishipa ya fahamu muda, tuone itasemaje." Akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akaukwaruza kwenye unyayo wangu. "Unasikia?"

"Sisikii."

Akaandika. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani. Kupona nilikuwa nimeahidiwa, nikaona ni kama changu tayari. Nilitaka kutembea.

Nilivishwa ganda gumu la plastiki kutoka kwapani hadi nyongani, likafungwa kwa mikanda, nikalazwa chumba cha mbele nyumbani kwa mama. Nilijua kila ubao wa dari. Vidonge nilimeza asubuhi kabla ya kula, kiganja kizima, na mkojo ukawa na rangi ya juisi ya karoti. Usishtuke ukiona, ni dawa. Nilishtuka mimi kwa niaba yako, na nikapiga kelele mpaka jirani, Mama Kaduma, akaja na mwiko mkononi.

Kilichoniuma kuliko mgongo ni kufutwa na mama yangu. Mimi mwanamke mzima, niliyekuwa na funguo zangu na kodi yangu, nageuzwa, nafutwa, napakwa mafuta. Niliona aibu, na aibu ikawa hasira, na hasira nikamtupia yeye. Tuligombana kwa sababu ya beseni, kwa sababu ya uji wa moto, kwa sababu ya dirisha. Yeye naye alikuwa amemwachia Mama Kaduma kibanda chake cha mitumba, na usingizi wake ulikuwa wa kuibia. Siku moja alikaa kitandani kwangu akasema, "Tusekile, mimi nikichoka nani atatushika?" Tukalia wote wawili, kisha tukala ndizi. Kama na nyumbani kwako mnagombana, si kwamba hampendani. Mmebanana tu.

Ezekia alipiga simu wiki hiyohiyo. "Jumamosi saa tisa," alisema. "Meza iko wazi."

"Ezekia, mimi nimelala Iringa."

"Na Gwamaka amepata kazi Makongolosi, anatengeneza mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Wande yuko na ng'ombe Usangu. Nimeihamishia meza mtandaoni. Fungua hicho nilichokutumia."

Nilifungua. Ulikuwa ubao mweupe ambao sote tuliufungua kila mmoja kwenye simu yake, na alichokichora mmoja tulikiona wote papo hapo. Ezekia alikuwa amechora milima, mito na korongo. Kila mmoja wetu alikuwa kipicha cha mviringo chenye uso wake, unakisogeza kwa kidole unakotaka kwenda. Changu kilikuwa na uso wangu mwenyewe, ule nilioupiga picha siku ya harusi ya binamu yangu, Ezekia ameuvika kofia ya manyoya. Kando kulikuwa na ukurasa wa pamoja ambao kila mtu anaandika mali za mtu wake na majeraha yake, na dadu la kugusa. Sauti tulizisikia kwa simu ya kundi. Video tuliiacha, inakula bando kama mchwa.

Siku ya kwanza Wande aliuburuta mlima mzima kwa kidole gumba, na jeshi lililokuwa limejificha nyuma yake likabaki wazi. Gwamaka alilituhumu dadu la kwenye simu kwamba linawajua watu wa Mbeya mjini na kuwapendelea. Tulicheka mpaka ganda langu likanibana mbavu. Tatizo kubwa lilikuwa mtandao, hivyo tulitunga sheria: mtu akipotea hewani, mtu wake ameshikwa na tumbo, anachutama kando ya njia mpaka arudi. Kwa mtandao wa Makongolosi, shujaa wa Gwamaka aliharisha nusu ya nchi.

Na mimi nilikimbia. Nataka ulielewe hili. Simu ilining'inia juu ya uso wangu kwenye waya alioupinda Ezekia na kunitumia kwa basi, na kwa saa mbili tatu nilivuka vilele, nilikanyaga umande, nilipita kwenye vijiji watu wakanipa maji ya kunywa. Mama alinisikia kutoka jikoni.

"Nakimbia!" nilisema.

"Unakimbia wapi wewe?" aliuliza.

"Mlimani, mama."

"Haya, usichelewe kula."

Hakupenda. Alisema ninajitesa, kwamba mtu hamsimulii mwenye njaa habari za pilau. Labda alikuwa na haki. Ila nilikuwa nikimaliza kucheza, nalala usingizi wa mtu aliyetembea.

Mvua zilianza, watu wakaleta uyoga. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukaja, njiani tukasikia walevi wakiimba na mama akifunga dirisha kwa nguvu za Kilutheri. Vidonge vilipungua kutoka kiganja kizima hadi nusu kiganja. Sweta la njano liliisha, yule mama akaanza lingine la bluu. Kila kliniki daktari alitoa ufunguo wake. "Unasikia?" Sisikii. "Unasikia?" Sisikii. Nilianza kuuchukia ufunguo ule. Mama alikuwa anatazama ukutani wakati nikijibu.

Jumamosi moja katika mvua hizo, Nyasigela alifika kwenye korongo. Nyuma yake mazimwi, mbele yake hewa. Ezekia akauliza, "Unafanya nini?" Nikasema, "Naruka." Nikagusa dadu.

Moja.

Ezekia alijaribu kunitafutia mlango, akauliza kama Nyasigela ana kamba, ana rafiki, ana hirizi. Hakuwa na kitu. Alikuwa na miguu tu. Ezekia alikisogeza kipicha changu mpaka chini ya korongo, akakiacha hapo. Nililia kwa kweli, na siwezi kukuambia kwamba nilikuwa namlilia Nyasigela peke yake.

Gwamaka ni mtu ambaye akihuzunika lazima afanye kitu. Alichofanya ni kutengeneza tanzia. Alichukua picha yangu ya harusi, akaivua kofia ya manyoya kwa heshima, akaweka mshumaa kando, akaandika: "Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha dada yetu mpendwa, mkimbiaji hodari Nyasigela, kilichotokea leo baada ya kuanguka korongoni. Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Aliituma kwenye grupu letu, na mimi nikacheka katikati ya machozi. Kisha akaiweka kwenye stetasi yake.

Sasa niambie wewe, nani husoma tanzia mpaka mwisho? Unaona sura, unaona mshumaa, unashika kichwa. Binamu yangu wa Mbeya aliona sura na mshumaa, na alijua nimelala miezi. Akairusha kwenye grupu la ukoo. Huenda unajiuliza kwa nini hawakupiga simu kuuliza. Utampigiaje mama aliyefiwa umuulize kama ni kweli? Mfiwa hapigiwi simu. Mfiwa anaendewa. Shangazi mmoja tu ndiye aliyepiga, akasema, "Pole sana, wifi yangu," na mama, ambaye alikuwa amepewa pole kila siku tangu nilale, akajibu, "Asante, tumeshapoa," akarudi kwenye maharage yake. Shangazi akawaambia wengine kwamba mama amelipokea kwa ujasiri wa ajabu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Umeme ulikuwa umekatika na simu yangu imezima. Mama alinilisha uji, akanifunga vizuri mikanda, akaenda ibadani. Mimi nilibaki na pichi mbili na dari yangu.

Ibada ilipoisha alirudi kwa miguu, na kwenye kona ya nyumba yetu akakuta wanawake wa jumuiya, waliopigiwa simu na ndugu zetu yeye akiwa ibadani, wamebeba kuni na sufuria kubwa. Nyuma yao gari la baba mdogo kutoka Tukuyu lilikuwa linashusha watu na mikungu ya ndizi, na watu walikuwa wanashuka wakilia. Mama Kaduma alimkumbatia. "Amekwenda," alimwambia. "Tusekile amekwenda, mama."

Aliniacha mzima asubuhi. Akaona limetokea wakati yeye akiimba.

Mimi nikiwa ndani nilisikia vilio, nikajiuliza ni nani jirani aliyefariki, nikamsikitikia. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mama hakufika kichwani kwangu. Miguu yake ilimwishia mwisho wa kitanda, akaanguka pale, akakamata vidole vyangu vya miguu juu ya blanketi kwa mikono yake yote miwili, akavikamua.

"Mama," nilisema, mdomo umejaa pichi, "unaniumiza kidole."

Akainua uso. Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote na sidhani kama nitatazamwa tena.

"Kipi?" aliuliza.

Ndipo na mimi nikasikia nilichosema.

"Gumba. La kulia."

Akakamua kingine. "Na hiki?"

"Hicho sijui. Kidogo. Kama kwa mbali."

"Na hiki?"

"Mama, taratibu!"

Alipiga kelele. Ilikuwa kelele ya furaha, lakini walioko nje wangejuaje? Waliposikia kelele za mama kutoka chumbani, nao wakapandisha kilio maradufu. Mimi na mama tukacheka ndani, wao wakalia nje, mpaka baba mdogo akaingia ameshika kofia kifuani. Aliniona nimeshika kokwa la pichi. Akatoka. Akaingia tena.

"Tusekile," alinisalimia kwa Kinyakyusa, polepole, "ugonile?"

"Ndaga, baba."

Alikaa kwenye kiti bila kuambiwa karibu. Kisha akasema, "Basi ndizi nimekuja nazo. Ndizi hazirudi Tukuyu."

Zilipikwa. Kuni zilikuwepo, sufuria lilikuwepo, waombolezaji walikuwepo na njaa ya safari. Mchungaji aligeuza sala katikati ikawa ya shukrani. Mama mmoja wa jumuiya alikasirika kidogo, alisema machozi yake ameshayatoa na hayarudishwi, lakini alikula sahani mbili. Watu walipanga foleni kuja kunibana vidole vya miguu. Niliposema "nasikia", wakapiga vigelegele. Niliposema "hapo sisikii", wakabana zaidi. Baadaye daktari alisema mishipa ilikuwa imeanza kuamka yenyewe, ufunguo ulikuwa bado haujaikuta. Mimi sikubishana naye, ila najua nani aliigongea mlango.

Umeme uliporudi, baba mdogo aliagiza wauaji wapigiwe simu. Watu wakasogea karibu, sauti ikafunguliwa.

"Gwamaka ni nani?" aliuliza baba mdogo.

"Shikamoo mzee... mtandao huku... una... kata..."

"Mzee," sauti ya Wande ikaingia, tulivu kabisa, "huyo ameshikwa na tumbo."

Nililia kwa kicheko. Kwa mila, kosa kama lile lina faini, na baba mdogo akahukumu jogoo mmoja, mkubwa, aletwe Iringa na mkosaji mwenyewe kwa mkono wake. Gwamaka, ambaye mtandao wake ulikuwa umepona ghafla, akakubali. Halafu mama akaichukua simu. Alikuwa bado na vumbi la sakafu kwenye gauni lake la kanisani.

"Huyo msichana wenu aliyeanguka," alisema. "Mwili mmeuona?"

Ezekia alikohoa. "Hapana, mama. Korongo ni refu sana."

"Hamkushuka?"

"Hatukushuka."

"Sasa mnatangazaje msiba bila mwili? Mmelelewa wapi ninyi? Jumamosi nakuja mimi mwenyewe kumtafuta."

Ndivyo mama yangu alivyoingia mezani. Dadu la kwenye simu hakuliamini, aliazima la ludo kwa watoto wa Mama Kaduma. Alikaa kando ya kitanda changu na ungo wa maharage, simu kati yetu, na Ezekia alimuuliza, "Mama wa Nyasigela, unafanya nini?" Mara ya kwanza aliwageukia mmoja mmoja kuwasalimia wote hewani, habari za nyumbani, habari za kazi, habari za ng'ombe, mpaka bando la Gwamaka likaisha. Kisha akasema, "Nashuka."

Alikuwa mchezaji wa ajabu. Hakuingia pango bila hodi. Alipotokewa na zimwi lenye vichwa viwili, Gwamaka alichomoa upanga akitetemeka, mama akasema, "Namsalimia." Ezekia akauliza kama ana hakika. "Ni mkubwa kuliko mimi, si ndiyo? Kamwene, mzee. Kwenu wapi?" Nadhani Ezekia hakuwa ameliandalia zimwi kwao, kwa sababu tulimsikia akipekua karatasi zake. Zimwi lile mwishowe lilimwonyesha mama njia.

Ilimchukua Jumamosi nyingi kufika chini. Katika Jumamosi hizo hizo mimi nilijifunza kukaa. Kisha kuning'iniza miguu kitandani. Kisha kusimama nimeshika chuma cha kitanda, jasho linanitoka kama enzi za Uyole. Ganda likalegezwa. Ubishi ukaisha nyumbani, maana tulikuwa na la kuongea wakati wa kufutwa: je, mto ule tuuvuke kwa mtumbwi au tuuzunguke? Siku mama alipofika chini ya korongo alimkuta Nyasigela hai, miguu imevunjika, anauguzwa na mke wa zimwi. Ezekia akaniuliza mimi, ambaye sikuwa nimeulizwa kwa wiki nyingi.

"Nyasigela, unafanya nini?"

"Nampa mama mkono," nilisema.

Mama aliacha kuchambua maharage.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo nilitembea. Sikutembea. Hii ni sehemu ambayo na wewe unaweza kuifikia, kwa hiyo naisema. Kliniki ya mwanzo wa kipupwe daktari alikwaruza unyayo kwa ufunguo wake, nikaruka. Akasema, "Mishipa ipo. Nguvu ipo. Kilichobaki ni chako." Na nikashindwa. Nilisimama nimeshika chuma cha kitanda, wiki baada ya wiki, na mguu haukunyanyuka. Nilikuwa nimeanguka mara moja kwa mtaalamu wa mazoezi, na mwili wangu ulikuwa umekumbuka. Niliogopa. Mwaka mzima nilikitaka kitu kimoja, na kilipokuja karibu nikakiogopa kama Gwamaka na vyura. Vidonge vikaelekea kuisha. Niliwaza kwamba nitapona kila kitu isipokuwa hilo.

Jumamosi moja mchana, jua la baridi, mama alikuwa amekaa na ungo wake, dadu la ludo liko juu ya kimeza, mimi nimesimama kwenye chuma changu kama kawaida. Nje ya mlango wa mbele, hatua chache tu kutoka kitandani, jogoo aliwika. Kisha sauti ya mtu ninayemjua ikaita.

"Hodi! Hodi wenyewe! Nimeleta faini!"

Mama hakuinuka. Alichagua punje moja mbovu, akaitupa.

"Mgeni yuko mlangoni," alisema. "Unafanya nini?"

Nilitazama mlango. "Naenda kumfungulia."

Nikanyoosha mkono kwenye kimeza, nikalishika dadu. "Nirushe?"

"Kufungua mlango?" Mama alinitazama juu ya ungo, hivyohivyo kabisa kama Ezekia. "Hilo halirushiwi dadu. Fanya tu."

Nikaliweka dadu chini. Nikaachia chuma. Mguu wa kulia, ule wenye gumba, ukaenda wa kwanza, na wa kushoto ukaufuata kwa kinyongo. Nilishika ukuta mara moja, karibu na kalenda ya kanisa. Nyuma yangu maharage yalikuwa yamenyamaza. Nikafika kwenye komeo, nikalivuta.

Gwamaka alikuwa amesimama kizingitini na jogoo mwekundu kwapani. Alinitazama usoni, akanitazama miguu, akanitazama tena usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno hata moja.

"Karibu ndani," nilimwambia.